Lahani ya Njaa: Katuni za Kijapani Mbele ya Nyika ya Ugogo

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba mashairi mawili yaweza kuwa na vina sawa na mizani sawa, kila mshororo nane kwa nane, na bado moja likafaa harusini na jingine matangani. Wala hahitaji kuambiwa kwamba mashairi mawili yaliyotungwa juu ya jambo moja, tuseme kifo cha mzazi, yaweza kuachana njia kabisa: moja likalia, jingine likashukuru. Kinachoyatenga ni lahani, yaani ile sauti ya ndani ambayo msikilizaji huipokea kabla hajayapambanua maneno. Dhamira hutaja jambo. Lahani humweleza msikilizaji akae vipi mbele ya jambo hilo.

Ujuzi huu wa zamani unastahili kutumiwa katika shughuli mpya. Vijana wengi wa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Dodoma hutazama filamu za katuni za Kijapani, anime, na husoma hadithi za picha za Kijapani, manga, zinazopangwa kwa visanduku na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama usomwavyo msahafu. Baina yao kuna desturi ya kupendekezeana: aliyeipenda hii, na aitafute ile. Desturi hiyo ni njema, lakini aghalabu mapendekezo hupimwa kwa dhamira peke yake. Aliyependa vita huelekezwa kwenye vita, aliyependa majini huelekezwa kwenye majini. Matokeo yake msomaji hupewa shairi la bahari ileile lililokosa roho ileile, akadhani kwamba ladha aliyoionja mara ya kwanza haipatikani tena.

Makala haya yanajaribu kupendekeza kwa kipimo cha pili, na yanaanzia mahali ambapo wasomaji wa visiwani hawapatazamii: Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Ugogo ulimzaa Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa mwaka 1917 na kufariki 1969, mtunzi wa Diwani ya Mnyampala na kinara wa ngonjera, ambaye washairi wa pwani walilumbana naye kama mwenzao ingawa nyumbani kwake hakukuwa na bahari wala mnazi. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Watu wa pwani wameujua Ugogo kwa muda mrefu kupitia utani, na utani huo karibu wote ni wa njaa. Mgogo wa kwenye vichekesho ni mtu wa kuomba. Utani una heshima yake katika jamii zetu, lakini unapokuwa ndiyo lahani pekee ambayo kwayo watu hulisikia jina la nchi ya wenzao, huwa umeziba masikio. Swali basi ni hili: kuna kazi za sanaa zinazoweza kumfundisha msomaji wa pwani kuisikiliza njaa, ukame na ardhi iliyochoka kwa sauti nyingine? Zipo, na kadhaa kati ya zilizo bora zimechorwa Japani.

Huenda mtu akasema kuwa katuni ni kichekesho, na kwamba mambo mazito yana mahali pake katika tenzi. Dhana hiyo inaeleweka. Wasomaji wa Kiswahili waliipokea katuni kupitia magazeti, wakacheka na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru na Juha Kalulu wa Edward Gitau kule Kenya. Lakini uwanda wa kati wenyewe unaipinga dhana hiyo. Katika milima ya Kondoa, kuzunguka Kolo, kuna mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro ya watu, twiga, swala na maumbo yasiyofasirika, mingi ikiwa ya rangi nyekundu. Mary Leakey aliinakili mingi katika miaka ya 1950, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Baadhi ya mapango hayo yameendelea kutumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Hapo picha haikuwa mzaha kamwe. Ilikuwa dua.

*

Ya kwanza kupendekezwa ni Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, filamu ya Isao Takahata iliyotolewa na studio ya Ghibli mwaka 1988. Imetokana na hadithi fupi ya Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967, na Nosaka aliitunga akiwa amebeba mzigo wa dada yake mdogo aliyekufa kwa utapiamlo mwaka 1945. Katika filamu, mvulana Seita na dada yake Setsuko wanampoteza mama katika mabomu ya Kobe. Wanapokelewa na shangazi, wanauza mavazi ya marehemu kwa mchele, halafu wanahama na kuishi peke yao katika pango la kujikingia mabomu, kandokando ya maji, hadi chakula kinakwisha.

Pembeni yake na iwekwe njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya. Ilikuja katika vita vile vingine, vya 1914 hadi 1918. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, walioitwaa Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ghalani, wala mifugo ya kubadilishana, wala mikono ya kulima. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watano wa Ugogo alikufa. Mnyampala alizaliwa katika miaka hiyohiyo. Mtoto wa Ihumwa na mtoto wa Kobe hawakujuana, lakini sababu za njaa zao zilifanana: vita vya wakubwa wa mbali, kisha ghala tupu la jirani.

Hata hivyo, mfanano wa dhamira hautoshi kuipendekeza filamu hii. Kinachoifanya istahili ni jinsi inavyoiona njaa. Takahata anamwonyesha Seita akifa katika dakika za mwanzo kabisa, kwenye kituo cha gari la moshi, ili mtazamaji asipoteze muda kutumaini. Kinachobaki ni kutazama jinsi mambo yalivyokwenda. Shangazi si shetani. Ni mwanamke mwenye watu wa kulisha, anayepima wali kwa macho. Seita naye si malaika. Kiburi chake kina sehemu katika msiba. Njaa hapa haina kelele. Ni kopo la peremende linalotiwa maji ili utamu uliobaki unyweke. Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, na filamu nzima ni ufafanuzi wa neno hilo la mwisho: jinsi viungo, adabu, udugu na hatimaye akili vinavyolegea kimoja baada ya kingine.

Msomaji aone tofauti kwa kuilinganisha na Hadashi no Gen, manga ya Keiji Nakazawa iliyoanza kutolewa 1973, juu ya mvulana wa Hiroshima. Nakazawa mwenyewe alinusurika bomu la atomiki akiwa mtoto wa miaka sita. Dhamira ni ileile, watoto, vita na njaa, lakini lahani ni nyingine kabisa. Gen anapiga kelele, anapigana, anaimba, anaiba, anacheka kwa sauti katikati ya majivu. Baba yake humfundisha kuwa kama ngano, ambayo hukanyagwa wakati wa baridi na kuota imara zaidi. Mkulima wa uwele na mtama wa Ugogo ataielewa sitiari hiyo bila mfasiri. Aliyeipenda Kaburi la Vimulimuli kwa sababu ya ukimya wake hatatulizwa na Gen. Lakini aliyezoea mashairi ya malumbano, ambamo mtu hujitetea kwa sauti na kumkabili mtesi wake, atajiona nyumbani. Kuzipendekeza mbili hizi kwa mtu mmoja kwa sababu tu zote ni za vita ni sawa na kumpa mtu wimbo wa unyago kwa sababu aliomba wimbo wa wanawake.

*

Kwa msomaji anayependa shairi linaloficha maana yake nusu, pendekezo ni Mushishi. Manga hiyo ya Yuki Urushibara ilitolewa kati ya 1999 na 2008, na ikafanywa anime ya vipande 26 chini ya Hiroshi Nagahama mwaka 2005 na 2006. Neno mushi katika Kijapani ni jina la wadudu. Katika hadithi hii ni viumbe visivyo hai wala mfu, visivyo na wema wala ubaya, ambavyo watu wachache tu huviona. Ginko, mtu mwenye nywele nyeupe na jicho moja, huzunguka vijijini kama mganga, akitibu waliokumbwa. Hawezi kukaa mahali pamoja muda mrefu kwa sababu viumbe hivyo humfuata, na huvuta sigara mfululizo ili moshi uviweke mbali.

Moshi huo unampeleka msomaji moja kwa moja kwenye miombo na vichaka vya uwanda wa kati, ambako mrina asali hupanda mtini usiku na kinga cha moto mkononi. Mnyampala aliandika Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, kilichochapishwa 1961, na kurina ni kazi inayomfundisha mtu jambo moja ambalo Ginko pia analijua: nyuki si adui. Ana makao yake, ana haki yake, na anayetaka kilicho chake hana budi kujua kiasi cha moshi na wakati wa kuondoka.

Katika mfululizo huu kuna kisa kimoja kinachohusu njaa waziwazi, kile cha mbegu nzito. Kijiji kimoja hupata mavuno makubwa katika miaka ileile ambayo vijiji vingine hufa njaa. Siri yake ni mbegu inayofukiwa shambani na mshika matambiko. Kila mbegu hiyo inapotumika, mtu mmoja wa kijiji, dhaifu kuliko wote, huota jino jipya na kufa msimu wa mavuno. Mshika matambiko wa sasa alimpoteza mkewe kwa njia hiyo, na mavuno mapya yamekaribia. Hakuna mhalifu wa kukamatwa. Kuna hesabu: wengi kwa mmoja, na mmoja yule ana jina.

Katika Ugogo wa zamani mtemi ndiye aliyeshika mawe ya mvua na kubeba dhamana ya rutuba ya nchi yake. Mvua ilipokataa, macho yote yalimgeukia yeye. Hadithi za watu wa pwani kuhusu mambo hayo humfanya mtemi ama mshirikina wa kuchekwa au mjanja wa kuogopwa. Kisa cha mbegu nzito kinatoa njia ya tatu, ya kumtazama mwenye dhamana ya mvua kama mtu aliyekabidhiwa jambo lisilobebeka na ambaye hana wa kumwachia. Urushibara anakisimulia polepole, kwa sauti ya chini, akiacha nafasi baina ya neno na neno. Aliyewahi kumsikiliza Hukwe Zawose, mwana wa kijiji cha Doduma aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, akiacha ilimba iendelee yenyewe kabla hajarudi kuimba, anaijua nafasi hiyo. Wajapani nao walimsikia: kampuni yao ya JVC iliwahi kutoa rekodi zake.

*

Kipimo cha lahani hufanya kazi hata pale ambapo msiba haupo. Mnyampala aliandika pia Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954, kitabu ambacho wapenzi wa mashairi yake aghalabu hukiruka wakidhani ni cha wanahistoria. Kinastahili kusomwa sambamba na Otoyomegatari, manga ya Kaoru Mori iliyoanza 2008, yaani masimulizi ya mabibi harusi. Hadithi iko katika nyika za Asia ya Kati za karne ya 19, miongoni mwa wafugaji na wakulima. Bibi harusi Amir ana miaka 20, bwana harusi Karluk ana miaka 12, na baina yao kuna mifugo, mahari, wazee, uwindaji, mikate na nyuzi za tarizi.

Ladha ya kazi hii iko katika subira. Mori huweza kutoa kurasa kadhaa kwa fundi anayechonga nguzo au bibi anayetarizi kitambaa, bila tukio lolote jingine, na kila ua la tarizi limechorwa moja moja kwa mkono. Humo msomaji hujifunza kwamba mila si kanuni zilizoorodheshwa, bali ni kazi ya mikono inayorudiwa. Mchungaji wa Bahi au Mpwapwa ataona mambo mengi anayoyajua: thamani ya mnyama mmoja katika ndoa, wasiwasi juu ya malisho, ukoo kudai kurudishiwa binti yao pale maslahi yanapobadilika.

Lakini hapa pana tofauti ambayo mhakiki hana haki ya kuifunika. Mori ni Mjapani anayezipenda nchi za watu wengine, na upendo huo, pamoja na uaminifu wake wote, ni wa mgeni aliyekaribishwa vizuri. Vazi halina kiraka, uso hauna vumbi. Hata ndoa ya mtoto wa miaka 12 imechorwa kwa upole unaomfanya msomaji asahau kuuliza. Mnyampala aliandika juu ya watu wake, akijua njaa zao, na kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kuupamba uzuri wa kibuyu kwa kurasa tatu. Anayesoma vyote viwili atapata faida mara mbili. Mori atamwonyesha Mnyampala angeweza kuonekana vipi kama angekuwa na mchoraji. Mnyampala atamwonyesha kile ambacho kalamu ya Mori imekisafisha.

*

Kutoka Ugogo kwenda kaskazini msafiri hufika Urangi, na hapo pendekezo ni Mononoke-hime, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1997. Kijana Ashitaka analaaniwa na nguruwe mwitu aliyepagawa kwa sababu ya risasi ya chuma iliyoko mwilini mwake. Akiifuata risasi hiyo ilikotoka anafika kwenye kijiji cha wafua chuma kinachoongozwa na bibi Eboshi. Eboshi anakata msitu na kuwaua miungu yake. Huyohuyo Eboshi amewanunua wanawake kutoka madanguro akawapa kazi ya heshima, na amewapa wakoma chakula na makazi pale wengine walipowakimbia. Msituni yuko San, msichana aliyelelewa na mbwa mwitu, aliyeapa kumuua.

Mtazamaji aliyezoea hadithi za mema na mabaya hujikuta hana pa kusimama, na huo ndio ubora wa filamu hii. Nao watu wa Kondoa wanaujua mkwamo huo kwa majina na miaka. Ardhi ya milima ya Urangi ilikuwa imemomonyoka hadi makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa makumi ya maelfu walihamishwa. Majani yalirudi, miti ikarudi, mito ya mchanga ikatulia. Na mfugaji aliyekuwa na ng'ombe akabaki na kilima cha kijani asichoweza kukichungia.

Nani alikuwa na haki? Filamu ya Miyazaki haijibu, na kwa kutojibu inamsaidia msomaji kuliuliza swali la Kondoa kwa adabu. Mwishoni mungu wa msitu anakufa, majani yanaota juu ya majivu, na San anamwambia Ashitaka kwamba anampenda lakini hawezi kuwasamehe binadamu. Ashitaka hamlazimishi. Yeye atakaa kwenye kijiji cha chuma, San atakaa msituni, naye atakuwa akija kumtembelea. Suluhu hiyo ndogo, isiyo na arusi wala ushindi, ina ukweli mwingi kuliko hotuba za maendeleo na kuliko maombolezo ya wanaodhani zamani palikuwa pepo.

*

La mwisho linahusu Ihumwa yenyewe. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Kwa miaka mingi uamuzi huo uliishi zaidi kwenye karatasi, mpaka serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016. Dodoma ilitangazwa jiji mwaka 2018, na mwaka uliofuata ofisi za wizara zikaanza kufunguliwa katika Mji wa Serikali huko Mtumba, jirani na Ihumwa alikozaliwa Mnyampala. Kisha ikaja reli mpya. Mahali palipokuwa na mashamba ya uwele na mibuyu iliyojulikana kila mmoja kwa jina lake pamepimwa viwanja.

Takahata alitengeneza filamu juu ya jambo hili hasa mwaka 1994: Heisei Tanuki Gassen Ponpoko. Tanuki ni wanyama wadogo wa mwituni ambao Wajapani husimulia kwamba hujigeuza umbo, kama vile watu wa pwani wasimuliavyo juu ya sungura na ujanja wake. Vilima vyao vya Tama, magharibi ya Tokyo, vinachongwa ili kujengwa mji mpya. Tanuki wanapigana kwa silaha waliyo nayo, yaani mzaha. Wanajigeuza mizimu, wanawatisha wajenzi, wanaandaa gwaride kubwa la majini mitaani. Watu wanashangilia. Halafu mwenye kiwanja cha michezo anajitokeza na kudai kwamba gwaride lilikuwa tangazo la biashara yake, na kila mtu anamwamini. Ni nadra kupata picha kali kuliko hiyo ya tambiko linalogeuzwa tumbuizo. Ngoma za Wagogo, ambazo huchezwa kwa fahari mbele ya wageni wa serikali, zinastahili watazamaji wanaoujua uchungu wa picha hiyo.

Filamu inachekesha kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho. Tanuki ni walafi, wavivu, wapenda sherehe, na mtazamaji huwacheka kwa moyo mweupe mpaka anapogundua kwamba wanakwisha. Wengine wanagongwa na magari. Wengine wanajigeuza binadamu, wanavaa suti na kupanda treni kwenda kazini kila asubuhi, wakiwa wamechoka. Hapo ndipo utani unapojua wajibu wake. Unapotoka kwa mwenye msiba mwenyewe, huwa ni njia yake ya kubaki mtu. Unapotoka kwa jirani aliyeshiba, huwa ni mlango uliofungwa. Watu wa pwani waliozoea kuwacheka Wagogo watacheka na tanuki hawa, na wakifika mwisho wa filamu huenda wakajiuliza walikuwa wakicheka na nani, au wakimcheka nani.

*

Mpangilio unaofaa basi ni huu. Mtu anayeanza, hasa kijana aliyezoea katuni za mapigano, aanze na Mononoke-hime, kwa kuwa ina mbio na panga za kumvuta. Afuate Ponpoko, ajifunze kwamba kicheko kinaweza kubeba jeneza. Mpenzi wa mashairi ya fumbo aende Mushishi na asitazame zaidi ya kipande kimoja kwa usiku, kama asomavyo diwani. Mpenzi wa mila na masimulizi ya kale achukue Otoyomegatari pamoja na kitabu cha Mnyampala cha 1954. Kaburi la Vimulimuli libaki la mwisho, na litazamwe mara moja tu, bila watoto wadogo, pasipo na mlo uliosubiriwa mezani.

Kuna upungufu ambao orodha hii haiwezi kuujaza. Kazi zote zilizotajwa zimetoka kwa watu wengine, juu ya vilima vya watu wengine. Msomaji anayelia kwa ajili ya Setsuko amelia kwa haki, lakini watoto wa Mtunya nao walikuwa na majina, nao walikuwa na ndugu wakubwa waliowabeba mgongoni wakitafuta mahali palipo na chakula. Hawajachorwa. Uwanda wa kati una michoro ya kale mapangoni, una sauti zinazotambulika duniani, una mshairi aliyewafundisha Watanzania kulumbana jukwaani, na una vijana wanaojua sanaa ya visanduku vya picha kutoka kwa mafundi wake hodari. Ikiwa mmoja wao ataichora Mtunya, asiige macho makubwa ya Kijapani wala mavazi yao. Achukue kutoka kwao lahani tu: kuitazama njaa bila kucheka na bila kugeuza uso. Na siku hiyo ikifika, wasomaji wa visiwani wawe wamekwisha kuyazoeza masikio yao.